Bata Maji Mweusi: Ndege Ambaye Ulaya Iliapa Hayupo

Wasee, leo tunaongea ndege. Usikimbie, nipe dakika kumi tu.

Ninaongea kuhusu bata maji, yule mweupe wa shingo ndefu iliyopinda kama alama ya kuuliza. Hapa Kenya hana ziwa lake. Nenda Nakuru, nenda Naivasha, nenda Bogoria: utapata flamingo, utapata mwari, utapata korongo, lakini bata maji wa porini hutamwona. Na bado unamjua vizuri sana. Umemwona kwa kadi za harusi. Umemwona juu ya keki. Kuna hoteli ukiingia chumbani unapata taulo mbili zimekunjwa zikawa bata maji wawili wanabusiana kitandani. Na ukiwa mdogo, kuna uwezekano mkubwa ulisomewa ile hadithi ya kifaranga aliyechekwa na wenzake kwa sababu ya sura yake, halafu akakua akagundua yeye ni bata maji mweupe mrembo. Hiyo iliandikwa na Hans Christian Andersen wa Denmark, mwaka wa 1843.

Kwa hivyo tuna ndege ambaye hatuishi naye, lakini tayari tunajua "maana" yake: usafi, mapenzi, urembo. Swali langu ni rahisi. Nani alimpa hizo maana? Na je, alikuwa na haki ya kusema maana hizo ni za dunia nzima?

Tuanze na dini, maana huko ndiko huyu ndege amezunguka sana.

Wagiriki wa kale walisema bata maji ni ndege wa Apollo, mungu wao wa muziki na unabii. Ndio wakatuachia ile imani kwamba bata maji hukaa kimya maisha yake yote, halafu akikaribia kufa anaimba wimbo mtamu kuliko zote. Plato anamwonyesha Socrates, aliyenyweshwa sumu mwaka wa 399 KK, akisema ndege hao hawaimbi kwa huzuni. Wanaimba kwa furaha kwa sababu wanaenda kwa mungu wao. Maneno matamu, kusema kweli. Shida ni kwamba sio kweli. Hata Pliny, Mrumi aliyeandika kuhusu viumbe katika karne ya 1, alisema watu wamechunguza na hiyo kitu haipo. Lakini hadi leo msanii akitoa albamu ya mwisho, Wazungu wanasema huo ni wimbo wake wa bata maji. Uongo mtamu huwa na miguu mirefu.

Wakristo nao wakaja na yao. Mwaka wa 1415 walimchoma mhubiri wa Bohemia anayeitwa Jan Hus. Kwa lugha yake, jina Hus lilikuwa linakaribia neno la bata bukini. Baadaye ikasemwa kwamba alitabiri: leo mnamchoma bata bukini, lakini baada ya miaka 100 atakuja bata maji ambaye hamtaweza kumchoma. Martin Luther alipoanza vita vyake na Kanisa la Roma mwaka wa 1517, hesabu ikaingia karibu sawasawa, na Luther mwenyewe akasema unabii huo ulimhusu yeye. Ndio maana makanisa kadhaa ya Kilutheri kaskazini mwa Ujerumani yana sanamu ya bata maji juu ya mnara, pale ambapo wengine huweka jogoo au msalaba.

Lakini ngoja. Vitabu vya Wakristo wa Zama za Kati kuhusu wanyama vilikuwa na maneno mengine kabisa. Walisema bata maji ana manyoya meupe lakini nyama yake ndani ni nyeusi, kwa hivyo ni mfano wa mnafiki: nje anang'aa, ndani amejaa dhambi. Na Biblia ya Kiingereza ya mwaka wa 1611, ile ya King James, ilimweka kwenye orodha ya ndege najisi katika Mambo ya Walawi 11. Tafsiri nyingi za siku hizi zimemtoa hapo na kuweka bundi, kwa sababu neno la Kiebrania lenyewe halieleweki vizuri. Yaani ndege huyo huyo ni nabii juu ya mnara wa kanisa, ni mnafiki kwenye kitabu cha mtawa, na ni najisi kwa sababu mtafsiri alichagua neno.

Ukienda kwa Wahindu, unampata Saraswati, mungu wa elimu na muziki, akiwa na ndege mweupe anayeitwa hamsa. Sifa ya hamsa sio urembo. Wanasema ukimpa maziwa yaliyochanganywa na maji, anakunywa maziwa na kuyaacha maji. Ni ndege wa akili, wa kutenganisha kweli na uongo. Ndio maana mwalimu mkubwa wa kiroho anaweza kuitwa "paramahamsa", hamsa wa juu kabisa. Na hapa pia kuna jambo. Bata maji hawafiki India mara nyingi, na wasomi wengi wanaamini hamsa wa zamani alikuwa bata bukini wa porini, wale wanaoruka juu ya milima ya Himalaya kila mwaka. Baadaye wachoraji wakamrefusha shingo, akawa bata maji.

Unaona mchezo? Kila jamii ilikaa kando ya maji yake, ikaangalia ndege wake, ikamvisha nguo ya mawazo yake. Hakuna ubaya hapo. Hata sisi tuna bundi wetu tunaomwogopa bila kosa lolote. Ubaya unaanza pale mtu anaposema ziwa lake ndilo dunia yote.

Sasa tufike kwa mwenyewe, bata maji mweusi.

Mwanzoni mwa karne ya 2, mshairi Mrumi anayeitwa Juvenal aliandika shairi refu la kuwasema wanawake. Kwa ufupi, jamaa alikuwa na shida zake. Ndani yake akasema mke mwema kabisa ni ndege adimu duniani, karibu sawa na bata maji mweusi. Kejeli yake ilikuwa hivi: bata maji mweusi hayuko, na mke kama huyo pia hayuko.

Huo mzaha ukashika. Kwa karibu miaka 1,600, Ulaya ilitumia bata maji mweusi kumaanisha kitu kisichowezekana. Jinsi sisi tunavyosema utangoja hadi kuku aote meno, wao walisema bata maji mweusi. Walimu wa mantiki wakaingia nayo darasani: "Bata maji wote ni weupe" ikawa mfano wa sentensi ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kupinga. Haikuwa imani tu. Ilihesabiwa kuwa elimu.

Na kuna rangi ndani ya hiyo sentensi, tusijifanye hatuoni. Mweupe ndiye wa kawaida, ndiye msafi, ndiye yupo. Mweusi ni mzaha, ni kitu ambacho hakiwezi kuwa.

Halafu ikafika mwaka wa 1696. Nahodha Mholanzi, Willem de Vlamingh, alitumwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki na meli 3 kutafuta meli iliyopotea tangu 1694. Hiyo meli hakuipata. Mwezi wa Januari 1697 akaingia kwenye mto mmoja magharibi mwa Australia, na hapo juu ya maji wakawa wanaelea tu, bila wasiwasi, bata maji. Weusi. Wengi. Midomo myekundu kama imepakwa rangi jana.

Wafikirie hao mabaharia. Ni kama wewe uamke, utoke nje, upate kuku wanapiga mswaki.

De Vlamingh akauita Mto wa Bata Maji Weusi. Watu wake wakakamata kadhaa, na baadhi wakafikishwa wakiwa hai hadi Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Na sentensi iliyofundishwa kwa karne nyingi ikafa siku hiyo. Karibu miaka 100 baadaye wanasayansi wakampa jina la Kilatini, Cygnus atratus, maana yake bata maji aliyevaa nguo nyeusi za matanga. Yaani hata baada ya kumkubali, bado walimwona kama mweupe aliyefiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Josephine, mke wa Napoleon, alikuwa anawafuga kama pambo kwenye bustani yake huko Ufaransa. Ndege aliyekuwa hayupo sasa alikuwa anaelea kwenye dimbwi la tajiri.

Hii stori vitabu vingi huimalizia hapo. "Wazungu waligundua bata maji mweusi, tukajifunza kwamba tusiwe na uhakika sana." Makofi. Lakini mimi naona hapo ndipo stori inaanza.

Kwa sababu ule mto ulikuwa na wenyewe. Wanaitwa Wanoongar, na wamekaa kusini-magharibi mwa Australia kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mto wao wanauita Derbarl Yerrigan. Bata maji mweusi wanamwita maali. Simulizi za Wabibbulmun, watu wa upande huo, zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, zinasema mababu zao walikuwa bata maji weusi waliogeuka kuwa watu. Soma tena hiyo. Wakati Juvenal anachekesha watu Roma kwamba ndege huyo hawezi kuwepo, kulikuwa na mama mahali fulani kando ya Derbarl Yerrigan anamwonyesha mtoto wake ndege huyo huyo mtoni. Kwake hakikuwa kitu adimu. Ilikuwa Jumanne tu.

Kwa hivyo bata maji mweusi hakuwahi kuwa "haiwezekani". Alikuwa "hatujauliza". Hizo ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wenye nguvu wanapenda kuvichanganya.

Kilichofuata unaweza kukikisia, maana historia yetu inafanana. Mwaka wa 1829 Waingereza wakaanzisha koloni pale pale mtoni, wakaliita Koloni la Mto Swan, yaani mto wa bata maji, wakajenga mji wa Perth. Gavana wa kwanza alikuwa James Stirling. Mwaka wa 1833, Yagan, shujaa wa Wanoongar aliyepinga kunyang'anywa ardhi, alipigwa risasi akafa, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza kama kitu cha maonyesho. Tarehe 28 Oktoba 1834, Stirling mwenyewe aliongoza wanajeshi, polisi na walowezi kushambulia Wanoongar huko Pinjarra. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo, lakini walikuwemo wanawake na watoto.

Kichwa cha Yagan kilirudi Australia mwaka wa 1997, na kikazikwa 2010. Miaka 177 baada ya kuuawa. Kama unatoka upande wa Nandi, hii stori haikushangazi, maana kuna watu wako bado wanauliza fuvu la Koitalel arap Samoei liko wapi, tangu Waingereza walipomuua mwaka wa 1905.

Na sasa angalia hii. Koloni lilipotaka nembo, lilichagua nini? Bata maji mweusi. Yuko kwenye bendera ya jimbo la Australia Magharibi hadi leo, ndani ya duara la manjano. Mwaka wa 1973 akatangazwa rasmi kuwa ndege wa jimbo. Yaani ndege alipendwa, akachorwa, akawekwa kwenye bendera. Watu waliokuwa wanamwita babu wakasukumwa kando ya mto wao wenyewe. Inawezekana kabisa kubeba alama ya mahali na bado kuwakanyaga wenye mahali. Sisi tuliosoma jiografia na ramani zenye Ziwa Victoria, huku Wajaluo wakiwa na Nam Lolwe yao tangu zamani, tunaelewa bila kuchorewa.

Rudi Ulaya kidogo, kwa sababu kuna kitu kimoja kuhusu rangi nataka ukione. Unajua ile densi ya bale ya Tchaikovsky, Ziwa la Bata Maji? Ilionyeshwa mara ya kwanza Moscow mwaka wa 1877. Kuna Odette, binti mwema aliyerogwa akawa bata maji, na kuna Odile, tapeli anayejifanya Odette ili kumdanganya mwana wa mfalme. Leo karibu kila mtu anajua Odette ni mweupe na Odile ni mweusi. Ile filamu ya 2010 ya Natalie Portman ilijengwa juu ya hiyo tofauti: mweupe mpole, mweusi hatari.

Lakini katika maonyesho ya mwanzo Odile hakuwa bata maji mweusi. Alikuwa binti wa mchawi, basi. Hata katika onyesho kubwa la 1895 huko St. Petersburg, ambalo ndilo karibu wote wanaiga, hakuvaa nyeusi. Ile nguo nyeusi ilizoeleka katika karne ya 20. Kwa hivyo Ulaya ilimkana bata maji mweusi kwa miaka 1,600, ikamkuta, na baadaye ilipompandisha jukwaani ikampa kazi ya kuwa mbaya. Sisemi kulikuwa na kikao cha kupanga hivyo. Ninasema mazoea ya zamani hayahitaji kikao.

Halafu kuna maana ya kisasa, hii ambayo unaisikia kwa watu wa pesa na podikasti za biashara. Mwaka wa 2007, Nassim Nicholas Taleb, mzaliwa wa Lebanon, alitoa kitabu kinachoitwa The Black Swan. Kwake, bata maji mweusi ni tukio ambalo hakuna aliyelitarajia, linalobadilisha kila kitu, na ambalo baadaye watu wanajifanya lilikuwa wazi. Kitabu kikauzwa sana. Sasa kila mkubwa akikosea anatamka hilo neno. Soko likianguka, bata maji mweusi. Korona ikija, bata maji mweusi.

Shida ni kwamba Taleb mwenyewe alikataa hiyo ya korona. Mwaka wa 2020 alisema janga lile lilikuwa bata maji mweupe, kitu kilichoweza kuonekana kikija. Na kwenye kitabu chake ana mfano mmoja wa bata mzinga. Ndege huyo analishwa kila siku, kila siku anazidi kumwamini anayemlisha, hadi siku ya kisu. Kwa bata mzinga hilo ni jambo la kushangaza. Kwa mchinjaji, hapana. Mshangao unategemea umesimama wapi.

Na hapo ndipo ninataka tufike, wewe na mimi.

Mara ngapi umesikia kiongozi akisimama mbele ya maikrofoni na kusema "hakuna aliyetarajia"? Mvua za masika zinakuja karibu na mwezi wa nne, mto unafurika, nyumba za watu zinabebwa, na kuna mtu aliyevaa suti anasema hakuna aliyejua. Kweli hakuna? Mama anayeuza mboga kando ya huo mto alijua. Mzee aliyezaliwa hapo alijua, na angekuonyesha alama ya maji ya zamani ukutani. Hawakuulizwa. Hiyo sio bata maji mweusi, hiyo ni Derbarl Yerrigan tena: kitu kipo, watu wanakijua, lakini hao watu hawahesabiwi kwenye neno "watu".

Na inatuhusu sisi vijana kwa njia nyingine pia. Wengi wetu tumekuzwa na picha ya urembo iliyochorwa kando ya ziwa la mtu mwingine. Kifaranga wa Andersen anapata amani siku anapojiona kwenye maji akiwa mweupe kama wale wengine. Ni hadithi nzuri, na sikuombi uichome. Lakini kuna kifaranga wa Derbarl Yerrigan ambaye angekua akawa mweusi tititi, mdomo mwekundu, na asingekosa chochote. Kama unanunua krimu ya kujichubua ili ufanane na picha fulani, jiulize hiyo picha ilichorwa kando ya ziwa gani.

Kitu kimoja cha mwisho. Mkumbuke yule mtawa aliyeandika kwamba bata maji mweupe anaficha weusi ndani. Bata maji mweusi naye ana siri. Akiwa ametulia juu ya maji anaonekana mweusi karibu wote. Akifungua mabawa kuruka, manyoya ya ncha za mabawa ni meupe pe. Kwake sio dhambi wala unabii, ni manyoya ya kurukia tu. Lakini kumwona hivyo ilibidi uende hadi mtoni kwake, umwangalie akipaa. Ukikaa Roma na shairi lako, hungejua.

Kwa hivyo mtu akikuambia kitu fulani hakiwezekani, ama hakijawahi kuwepo, ama hakuna aliyejua, usibishane naye haraka. Muulize tu: uliuliza nani?